Ukitaka Kubishana Kuhusu Risasi, Taja Mnyama Kwanza

Mabishano kuhusu risasi za uwindaji hayaishi, na mimi sitaki yaishe. Nimekaa kambi za uwindaji upande wa Rungwa na Moyowosi, na sijaona jambo lingine linalowafanya watu wazima waache ugali upoe. Ninachotaka ni mabishano yawe na faida. Kazi yangu ilikuwa kusoma nyayo. Msoma nyayo hutangulia mbele, fimbo mkononi, macho chini. Mwenye bunduki yuko nyuma yake. Mbogo aliyejeruhiwa akigeuka kichakani, wa kwanza kukutana naye ni yule mwenye fimbo. Kwa hiyo mtu akisema jioni kwenye moto kwamba risasi fulani "inatosha kabisa", mimi husikiliza kwa makini kuliko yeye anavyosema, maana kesho asubuhi nitatembea mbele ya neno lake.

Ninawaandikia vijana wanaosomea kuwa wawindaji bingwa, wale wanaoongoza wageni wa uwindaji, wasaidizi wao, askari wanyamapori, na kila mwenye bunduki ya leseni anayekaa baraza moja na watu wa porini.

Usijibu swali la "ipi bora"

Swali hilo halina jibu. Mrudishie muulizaji maswali manne: mnyama gani, umbali gani, pori la namna gani, na bega la nani. Asipoweza kuyajibu, hana hoja bado, ana upenzi tu, na upenzi haubishiwi.

Chukua swala pala kwenye mbuga wazi, mita 150, upepo wa ubavuni. Halafu chukua mbogo dume wa kilo 700 ndani ya vichaka vya Itigi, ambako mita 20 ni mbali na unamsikia akipumua kabla hujamwona. Hawa ni wanyama wawili na kazi mbili. Risasi ya .30-06 itamaliza ile ya kwanza kwa heshima zote. Ya pili inataka kitu kingine, na hata kama kijana ana mkono mzuri, nitamwomba aiache .30-06 yake kambini. Kisha kuna pofu, ambaye watu humsahau kwa sababu ni mpole. Dume la pofu lina mwili mkubwa kama wa mbogo au zaidi, lakini halirudi kukutafuta. Hapo .30-06 yenye kichwa kizito imekaa kwenye ukingo wa uwezo wake, na ndipo mabishano yanapokuwa matamu kwelikweli, kwa sababu pande zote mbili zina hoja.

Ukishataja mnyama, nusu ya ugomvi huwa umekwisha. Mara nyingi utagundua kwamba mmoja alikuwa anawaza kongoni na mwenzake anawaza tembo.

Jambo moja la kisheria limalizeni mapema ili lisiwasumbue katikati. Tanzania, kama nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji wa leseni, imeweka .375 kuwa kaliba (upana wa mtutu kwa inchi) ya chini kwa mbogo, tembo na wenzao walio hatari. Kwa hiyo mtu akisema risasi ndogo ya 7x57 inaweza kumwangusha mbogo, anazungumzia uwezekano, hazungumzii kibali. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa leseni mwaka 1977, na huko mjadala huu ni wa historia.

Tenganisha ganda na kichwa

Hapa ndipo ningependa mkae muda mrefu, kwa kuwa mabishano mengi yanaharibikia hapa.

Risasi nzima ina vitu vinne: ganda, fataki kitakoni mwake, baruti ndani, na kichwa mbele. Majina tunayogombania, .375 H&H, .416 Rigby, .308, yote ni majina ya ganda na upana wa mtutu. Lakini mnyama hakutani na ganda. Ganda linabaki mkononi mwako, kichwa ndicho kinachoingia. Mtu anaweza kuisifu .375 usiku mzima huku sandukuni mwake kuna vichwa laini vilivyotengenezwa kwa ajili ya wanyama wembamba, vikipasuka begani mwa mbogo kabla ya kufika mapafuni.

Kisa kinachoeleza hili vizuri kuliko vyote ni cha Mmarekani John Nosler. Mwaka 1946 aliwinda kulungu mkubwa wa kaskazini, yule wanaoitwa moose, huko British Columbia nchini Kanada. Bunduki yake ilikuwa .300 H&H, risasi ya kasi na yenye sifa. Vichwa vilipasuka juujuu kwenye ngozi yenye tope kavu na misuli minene, na havikuingia ndani. Nosler angeweza kurudi nyumbani akaisema vibaya .300, kama wafanyavyo wengi. Badala yake alitengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: sehemu ya mbele hutanuka, ya nyuma hubaki nzima na kuendelea kusukuma. Mwaka 1948 alianza kuviuza kwa jina la Partition, na hadi leo vinauzwa. Ganda lilikuwa lilelile na bunduki ileile. Kilichobadilika ni kichwa, na risasi iliyoshindwa ikawa inaweza.

Kwa hiyo mwenzako akikuambia ".458 ilimsaliti mjomba wangu" au ".300 ilinitia aibu", swali lako la kwanza liwe: kichwa gani? Laini au kigumu? Uzito gani? Kilipigwa wapi mwilini? Kwa kawaida tunavipanga hivi. Kichwa laini hutanuka kikiingia, hufungua jeraha pana, na ndicho cha risasi ya kwanza kwa mbogo aliyesimama ubavu. Kichwa kigumu hakitanuki, hupita moja kwa moja hata kwenye mfupa mnene, na ndicho cha tembo na cha mbogo anayekimbia akikupa mgongo. Siku hizi kuna vichwa vya shaba tupu vinavyotanuka bila kupoteza uzito, na vimefanya .375 ya leo kuwa chombo kingine kabisa ukilinganisha na .375 ya miaka ya 1950. Asiyejua anabeba kichwa gani asishiriki mjadala mpaka aende hemani akasome sanduku lake.

Majina yasikudanganye

Namba kwenye jina si kipimo cha kuaminika kila wakati. .30-06 ni risasi ya inchi 0.30 iliyopokewa na jeshi la Marekani mwaka 1906. 9.3x62 ni upana wa milimita 9.3 na ganda la urefu wa milimita 62. Lakini kichwa cha .404 Jeffery kina upana wa inchi 0.423, cha .470 Nitro Express kina 0.475 hivi, na cha .303 ya Kiingereza kina karibu 0.311. Nimesikia mtu mzima akisema .416 ni pana kuliko .404. Si kweli. Kabla ya kusema ipi pana, angalia upana wa kichwa.

Hesabu, na jinsi watu wanavyoichagua

Watu wa kambini wanapenda namba, na ni vizuri. Zijue hizi nne, ndizo zinazotajwa sana kwetu. Kasi ni ya mdomoni mwa mtutu, na zote hutofautiana kidogo kwa kiwanda na urefu wa mtutu.

.30-06 yenye kichwa cha greni 180, yaani gramu 11.7, hutoka kwa mita 820 kwa sekunde. Nishati yake ni karibu jouli 3,900.

.375 H&H, greni 300, gramu 19.4, mita 770 kwa sekunde. Jouli kama 5,750.

.416 Rigby, greni 400, gramu 25.9, mita 730. Jouli 6,900.

.458 Winchester Magnum, greni 500, gramu 32.4, mita 640 hivi. Jouli 6,600.

Sasa tazama kinachotokea. Nishati ni nusu ya uzito mara kasi mara kasi tena, kwa hiyo kasi inahesabiwa mara mbili. Kwa kipimo hicho .416 inaishinda .458. Lakini ukichukua uzito mara kasi peke yake, ile inayoitwa momenta, .458 inapata karibu 21 na .416 inapata 19. Mshindi amebadilika, na hakuna aliyedanganya. Mwenye .416 atakuletea jouli na mwenye .458 atakuletea momenta, kila mmoja kwa moyo safi, na mtakesha. Kabla ya kusoma namba yoyote, kubalianeni mnatumia kipimo kipi na kwa nini.

Na kuna hoja moja iondoeni barazani kabisa: "nguvu ya kumwangusha mnyama chini" kwa kishindo cha risasi. Fanyeni hesabu wenyewe. Momenta ya .375 ni 15. Igawe kwa mbogo wa kilo 700. Risasi yote ikibaki mwilini mwake itamsogeza kwa kasi ya sentimita 2 kwa sekunde. Kobe anatambaa haraka kuliko hapo. Mbogo haanguki kwa kusukumwa. Anaanguka kwa sababu moyo au mishipa mikubwa imetobolewa, mapafu yamejaa damu, au ubongo na uti wa mgongo vimeguswa. Nimefuata nyayo za mbogo waliopigwa na bunduki kubwa sana mahali pabaya. Walikwenda mbali, na hawakuonyesha popote njiani kwamba wanajua ukubwa wa bunduki ile.

Kipimo ninachokipenda mimi ni kingine, na hakitajwi vya kutosha: uwiano wa uzito wa kichwa na upana wake. Chukua msumari mrefu na kokoto yenye uzito uleule, ukavirushe kwenye tope, msumari utazama. Kichwa kirefu na kizito kwa upana wake huingia ndani kuliko kifupi. Hesabu yake ni uzito kwa pauni, gawanya kwa upana kwa inchi mara yenyewe. .375 ya greni 300 inapata 0.305. .458 ya greni 500 inapata 0.341. Ishikeni hiyo 0.305, kwani ndiyo itakayotuvusha kwenye hoja ngumu kuliko zote.

Jinsi ya kumjibu anayemtaja Bell

Hakuna baraza la risasi ambalo jina la W. D. M. Bell halitatajwa. Mskoti huyu aliwinda pembe za ndovu Karamoja, Uganda, na pande za Kongo, mwanzoni mwa karne ya 20, akaua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa .275 Rigby, ambayo ni 7x57 Mauser kwa jina la Kiingereza. Risasi ndogo ya kijeshi, ambayo leo wengi wanaona ni ya swala. Hoja inakuja hivi: kama 7x57 ilitosha kwa tembo 1,000, haya makubwa yote ni ya nini?

Usimjibu kwa kumbeza Bell. Alikuwa fundi wa kweli. Jibu kwa kueleza jinsi ilivyowezekana.

Kwanza, kichwa chake kilikuwa kigumu, cha takribani greni 175. Piga ule uwiano: unapata 0.310. Yaani kwa uwezo wa kuzama, kale kadude kako sawa na .375 yetu. Pili, Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi, akapiga ubongo kwa pembe zote. Ubongo ukiguswa, upana wa kichwa hauna kazi kubwa. Tatu, aliwinda tembo ambao wengi wao hawajazoea bunduki, na sehemu kubwa ya nchi ile ni wazi. Na nne, hili nalisema kwa msisitizo: Bell alikuwa bwana wa muda wake. Tembo akisimama vibaya, alimwacha. Mwindaji bingwa wa leo ana mgeni aliyelipia siku chache, siku ya mwisho imefika, jua linazama, na mbogo amesimama nusu nyuma ya mti. Risasi tunayoichagua haichaguliwi kwa ajili ya nafasi nzuri. Inachaguliwa kwa ajili ya ile nafasi mbaya, pale mnyama ameshajeruhiwa na anakuja.

Mwambie hivyo kwa upole. Mimi nilimweleza kijana mmoja mbishi sana, akanyamaza, kisha akauliza ubongo wa tembo uko usawa gani ukimtazama kwa mbele. Swali hilo lina thamani kuliko kushindwa kwake.

Umaarufu uuchunguze, usiuabudu wala usiudharau

Mtu atasema: ".375 ndiyo nzuri, ndiyo maana kila mtu anayo." Mwingine: "Inapendwa kwa mazoea tu." Wote wawili wana kipande cha ukweli, na cha kufanya ni kuuliza umaarufu huo umetoka wapi.

.375 ilitolewa na watengeneza bunduki wa Uingereza, Holland & Holland mwaka 1912. Mwanzoni ilikuwa mali yao. Baadaye viwanda vya Marekani vikaanza kutengeneza risasi zake, na mwaka 1937 Winchester wakaiweka kwenye bunduki yao ya Model 70, ambayo mtu wa kawaida aliweza kuinunua. Umaarufu wake ulianzia hapo dukani. Ukadumu kwa sababu ya porini: kichwa cha greni 300 hushuka kwa umbali karibu sawa na .30-06 ya greni 180, kwa hiyo bunduki moja inampiga tandala ng'ambo ya mbuga asubuhi na mbogo kichakani jioni.

.416 Rigby, ya mwaka 1911, ni risasi ninayoipenda kuliko zote, na iliponea chupuchupu kupotea. Kynoch wa Uingereza walipoacha kutengeneza risasi kubwa kuelekea mwaka 1970, bunduki nzuri zikabaki bila chakula. Haikuwa mbaya hata siku moja. Ilikosa umaarufu kwa sababu sanduku halikupatikana, na viwanda vya Marekani vilipoirudia miaka ya karibu na 1990, watu wakaikumbuka. Pengo hilo lilikuwa limezibwa na .458 ya Winchester, iliyotoka mwaka 1956: bei nafuu, bunduki ya kawaida ya boliti (komeo la kufungua chemba kwa mkono), risasi zinapatikana.

.458 nayo ina doa la historia mtakalolisikia. Ganda lake ni fupi, baruti ilishindiliwa, na katika baadhi ya risasi za zamani baruti hiyo iliganda na kuungua vibaya, kasi ikapungua. Jack Lott, Mmarekani aliyejeruhiwa na mbogo huko Msumbiji, akaja kutengeneza ganda refu zaidi, .458 Lott, mwaka 1971. Baruti za leo zimeondoa sehemu kubwa ya tatizo. Anayeiponda .458 ya leo kwa makosa ya risasi za enzi za babu yake mkumbushe mwaka.

Wazee wa idara za wanyamapori za Tanganyika na Kenya walibeba .404 Jeffery kulinda mashamba dhidi ya tembo. Huko umaarufu uliletwa na ununuzi wa serikali. Na 9.3x62 aliitengeneza Otto Bock wa Berlin mwaka 1905, kwa Wajerumani waliokuwa wakienda makoloni ya Afrika, ikiingia kwenye bunduki ya kawaida ya Mauser isiyo na gharama. Ni risasi bora mno, jouli karibu 4,800, teke la kistaarabu. Lakini milimita 9.3 ni chini ya 9.5 ya .375, na pale sheria inapotaka .375, tofauti hiyo ndogo inaiacha nje kwa mbogo. Inaniuma, ila sheria ni sheria.

Kwa sisi wa huku kuna mfano mzito zaidi. Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, pale Tanga, askari wengi wa upande wa Wajerumani walikuwa na Mauser za 1871 za baruti nyeusi. Kila mlio ulitoa wingu la moshi lililomwonyesha mpigaji alipo. Upande wa pili, wa Waingereza, ulikuja na .303 zisizo na moshi, na watu wengi zaidi. Walioshinda ni wale wenye moshi. Na walichofanya baadaye ndicho kinachonifundisha: waliokota bunduki mamia na risasi laki kadhaa zilizoachwa ufukweni, wakaanza kutumia .303 ya adui. Hawakubishana ipi bora. Waliona ipi ina risasi.

Hilo lina maana hata leo. Mgeni akifika na begi la risasi limepotelea uwanja wa ndege, mwenye .375 au .30-06 ana uwezekano wa kupata za kumsaidia kwa njia halali. Mwenye risasi ya pekee ataazima bunduki ya mtu. Katika mjadala, upatikanaji ni sifa kamili ya risasi, uuhesabu pamoja na kasi na uzito.

Kuhusu 6.5 Creedmoor, iliyotoka mwaka 2007 na ambayo vijana wanaiulizia sana, nitasema kwa ufupi. Kichwa chake chembamba na kirefu hupasua upepo vizuri, teke lake ni dogo, na kwenye shabaha ya mita 600 inaiacha .308 nyuma. Kwenye miombo yetu, ambako swala anapigwa mita 100, mnyama hataona tofauti. Ukiipenda, ipende kwa ajili ya bega lako.

Bega liingie kwenye hoja

Teke la .375 ni karibu maradufu ya lile la .30-06, na la .458 ni kama mara tatu, kwa bunduki za uzito wa kawaida. Wanaume hawapendi kulizungumza. Nilimwona mgeni mmoja mwenye bunduki ya kaliba kubwa kupita zote za kambini, akifumba macho kila alipogusa kifyatulio. Mbogo wake alipigwa tumboni. Tulifuata damu mpaka giza, tukaanza tena alfajiri, na mwenye fimbo alikuwa mimi. Angekuwa na .375 anayoimudu, ningekula chakula cha mchana nyumbani.

Kuna kipimo rahisi cha kumaliza ubishi wa "mimi naimudu". Mkiwa kwenye shabaha, mwenzake ampakilie bunduki bila yeye kuona, mara risasi hai, mara risasi bandia isiyo na fataki hai. Siku bunduki isipolia, tazameni mdomo wa mtutu. Ukizama chini, ameogopa teke, na hoja zake zote kuhusu kaliba hiyo zisubiri mpaka mtutu utulie.

Joto nalo lisisahaulike. Waingereza wa zamani waliifanya .416 kuwa na ganda kubwa kwa makusudi, ili shinikizo liwe dogo na ganda lisinase kwenye chemba kwenye jua la kwetu. Risasi iliyoachwa saa sita mchana juu ya dashibodi ya Land Cruiser haifanyi kazi kama ile iliyokuwa kivulini. Mtu akilalamika kwamba boliti ilikuwa ngumu kufunguka, muulize kwanza risasi zilikaa wapi.

Namna ya kusema na mkubwa wako

Vijana wengi wana hoja nzuri, wanaziharibu kwa mdomo. Mzee aliyebeba .458 maisha yake yote haambiwi "umepitwa na wakati". Mazungumzo yaende hivi:

"Shikamoo mzee. Naomba nikuulize kuhusu hii .458."

"Marahaba. Uliza."

"Ukiwa na mgeni, mbogo akasimama mita 120 ng'ambo ya korongo, unampiga kwa hii?"

"Hapana. Hiyo inashuka haraka. Namwambia mgeni apige na .375 yake, mimi nasubiri."

"Kwa hiyo yako ni ya nini, mzee?"

"Ya pale atakapokuja."

Tazama kilichotokea. Kijana hakushinda wala mzee hakushindwa, lakini sasa wote wanajua kwamba kuna risasi ya kuanza na risasi ya kumaliza, na kwamba mgeni na mwindaji bingwa hawana kazi moja. Mimi nilitoka kwenye mazungumzo ya namna hiyo nikijua kesho nani asimame kulia kwangu.

Maliza kwa kupiga

Hoja zikishakuwa wazi, zipelekeni kwenye shabaha, palipo kwenye kibali na penye kingo ya udongo nyuma. Kata duara la karatasi la upana wa sahani, libandike mita 50. Kila mmoja asimame, bunduki kwenye fito tatu za kuegemeza, apige risasi tatu kwa kaliba anayoitetea, kichwa kilekile anachokitegemea porini. Halafu mita 25 bila fito, mbili za harakaharaka, kana kwamba mnyama anakuja. Benchi na mifuko ya mchanga iachwe, hakuna benchi kwenye kichaka cha Itigi. Andikeni kwenye daftari la kambi jina, kaliba, uzito wa kichwa, ngapi zimeingia kwenye duara, na muda kati ya ya kwanza na ya pili. Msoma nyayo naye apewe daftari alisome kabla ya kupanga safari ya kesho.